UPATANISHO SI PAZIA LA KUFUNIKA DHULUMA

Liko neno moja ambalo wakubwa wa nchi hii hulipenda mno, hasa pale moto waliouwasha wao wenyewe unapokaribia nyua zao. Neno hilo ni amani. Hulitamka majukwaani, hulitamka makanisani wanapopewa nafasi ya kuwasalimu waumini, hulitamka wakiwa wameshikana mikono mbele ya wapiga picha. Hapo kale nabii Yeremia aliwakemea watu wa namna hiyo, waliolitibu jeraha la taifa juujuu na kutangaza amani mahali pasipokuwa na amani. Sisi nasi hatuna budi kusema kinaga ubaga: amani isiyotaka kujua nani aliumizwa, nani aliumiza na nani atalipa, ni kimya cha woga tu.

Hatuandiki haya ili kuubeza upatanisho. Twaandika ili kuuokoa mikononi mwa wanaouchezea. Maana katika vijiji na mitaa ya Kenya wako watu, wanawake kwa wanaume, ambao kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakiketi kati ya jirani na jirani pasipo mshahara, wakisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, wa kisima, wa ng'ombe, wa deni na wa damu. Kazi yao ni nguzo ya mageuzi, ijapokuwa haionekani. Twataka wanamageuzi na waumini wajiunge nayo kwa maelfu. Twataka pia kazi hiyo isikubali kamwe kuwa chokaa ya kupakia kaburi la haki.

UONGO ULIOFICHULIWA NA MAJIRANI

Wahenga walituonya tusitazame tulipoangukia, bali tulipojikwaa. Kabla ya kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kufutwa mwezi Desemba 1991, wananchi walihubiriwa mchana na usiku kwamba vyama vingi vingeleta vita vya makabila. Mwezi Oktoba mwaka huohuo nyumba zikaanza kuchomwa katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi. Moto ukaenea Burnt Forest, Molo, Olenguruone na Mlima Elgon. Waliotabiri vita wakajitapa kwamba utabiri wao umetimia. Lakini kamati teule ya Bunge iliyoyachunguza mapigano hayo mwaka 1992, na baadaye Tume ya Akiwumi iliyoteuliwa mwaka 1998, zilionyesha mkono wa wanasiasa na uzembe wa maafisa wa serikali. Mapigano yale yalipandwa, hayakuota yenyewe.

Je, ni nani waliouthibitisha ukweli huo mashinani, mbali na ripoti na mahakama? Ni majirani wenyewe. Baraza la Taifa la Makanisa, NCCK, pamoja na majimbo ya Kanisa Katoliki, yaligawa chakula na mahema kwa waliofukuzwa. Kisha yakaingia katika kazi ngumu zaidi ya kuwakutanisha wazee, akina mama na vijana wa pande mbili, wazungumze ana kwa ana. Watu waliopewa fursa ya kuketi pamoja waligundua kwamba kila upande ulikuwa umejazwa uvumi uleule: kwamba wale wengine watakuja usiku. Lau vita vile vingekuwa vya damu na kabila, kikao cha chini ya mti kisingefua dafu. Kila mahali majirani walipokubali kurudiana, walikuwa wakitoa ushahidi dhidi ya waliowachonganisha.

Ndiyo maana twasema kwamba upatanishi wa kujitolea ni kazi ya mageuzi. Anayesuluhisha ugomvi wa mpaka kati ya jamaa mbili leo, anamnyima mchochezi kuni za kesho.

SOMO LA WAJIR

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka mahali ambapo wengi wetu wa nyanda za juu hatukuzoea kwenda kutafuta mwalimu. Wilaya ya Wajir ilikuwa imeishi chini ya sheria za hali ya hatari kwa muda mrefu. Mwezi Februari 1984 wanaume walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Katika miaka ya 1992 na 1993 ukame na siasa za uchaguzi zilikutana, na koo za Wajir zikaingia vitani. Mifugo iliporwa, watu wakauawa, na hata sokoni mjini, mwanamke wa ukoo mmoja akawa haendi kwenye kibanda cha mwanamke wa ukoo mwingine.

Wanawake wachache waliokutana harusini mwaka 1993 ndio walioanza kuulizana: je, tutazika mpaka lini? Hawakuwa na ofisi, hawakuwa na gari, hawakuwa na barua ya uteuzi. Walianzia sokoni, wakaweka walinzi wao wenyewe ili kila mwanamke auze na kununua pasipo kubaguliwa. Kutoka hapo wakawaendea wazee, na hapo walitumia busara ya ajabu: waliwatafuta wazee wa koo ndogo ambazo hazikuhusika na vita, wakawaomba wawe wasuluhishi kati ya koo kubwa. Vikao vilifanyika, maneno makali yakasemwa, na mwezi Septemba 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah, ambalo liliweka masharti ya kusimamisha mapigano na njia ya kushughulikia wizi na mauaji yatakayotokea baadaye. Vijana nao wakajiunga, na wafanyabiashara, na viongozi wa dini. Mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyetunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na kufariki dunia mwaka 2011. Nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, alikuwa miongoni mwa raia wachache waliokutana mara moja jijini Nairobi, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na Jenerali Daniel Opande, kutafuta njia ya kuzima moto kabla wapatanishi wa kimataifa hawajawasili.

Tuzingatie mpangilio wa mambo ya Wajir. Wananchi walianza, serikali ikaikuta kazi imekwisha kuanza. Waliosuluhisha hawakuwa na ng'ombe katika mgogoro. Azimio halikuishia katika kusameheana kwa maneno, bali liliweka wajibu na namna ya kuutekeleza. Nguzo hizo tatu ndizo zilizowabeba. Ondoa mojawapo, jengo litaanguka.

HAKI IPONYAYO

Wako wanaodhani kwamba kupatana ni kumwonea huruma mkosaji. Sivyo hata kidogo. Haki ambayo wanasheria siku hizi huiita haki rejeshi huuliza maswali mazito kuliko yale ya mahakama. Mahakama huuliza: ni sheria gani imevunjwa, nani ameivunja, na adhabu yake ni ipi? Haki rejeshi huuliza: ni nani ameumizwa, anahitaji nini ili asimame tena, na ni nani mwenye wajibu wa kumpatia?

Tuchukue jambo la kila siku. Kijana ameiba mbuzi wawili wa mjane, jirani yake. Akipelekwa kortini na kufungwa miezi sita, mjane hurudi nyumbani bila mbuzi, mama wa kijana huacha kumsalimu mjane, na kijana hutoka gerezani akiwa amefundishwa wizi na mabingwa. Sheria imetimizwa, na watu watatu wamebaki na majeraha. Lakini mjane mwenyewe akiridhia, kijana huyo anaweza kuketishwa mbele yake na mbele ya jamaa za pande zote mbili. Atalazimika kumsikia mjane akieleza kwamba mbuzi wale walikuwa karo ya mtoto. Atakiri kwa kinywa chake, pasipo wakili wa kumsemea. Atawalipa, na asipokuwa na uwezo atalima shamba la mjane kwa siku zilizoandikwa, na mtu aliyetajwa atahakikisha kwamba amelima. Je, hiyo ni huruma? Wengi wangechagua jela kuliko kumtazama mjane usoni.

Wala tusidanganywe kwamba haya ni mambo ya nje ya sheria. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai humruhusu hakimu kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya kibinafsi. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 ilifungua mlango wa kumtoa mkosaji wa kosa dogo gerezani, afanye kazi yenye manufaa kwa umma. Katiba iliyopitishwa na wananchi mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inaziagiza mahakama kukuza upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Mwaka 2016 mahakama zilianza kupeleka baadhi ya kesi za madai kwa wapatanishi, na mwezi Agosti 2020 Idara ya Mahakama ikazindua sera kuhusu mifumo mbadala ya haki. Mlango u wazi. Kinachokosekana ni watu waadilifu wa kuuingia.

PALE UPATANISHO UNAPOGEUKA KUWA UHALIFU

Lakini kifungu hichohicho cha 159 kina onyo ambalo wengi hulipita kana kwamba hawajalisoma. Njia za jadi hazitatumika kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki, wala inayochukiza haki na maadili, wala inayopingana na Katiba. Onyo hilo liliwekwa kwa sababu. Tulitaje jambo lenyewe kwa jina lake.

Mtoto wa kike amenajisiwa. Wazee wa upande wa baba yake na wazee wa upande wa mkosaji wanaketi kivulini. Chai inaletwa. Wanahesabu ngamia, au mbuzi, au noti, kufuatana na eneo. Sehemu nyingine kikao hicho huitwa maslaha, kwingine kina jina jingine, lakini bei hupangwa vilevile. Fomu ya P3 haijazwi, au hujazwa kisha hupotea. Msichana mwenyewe hakuitwa kikaoni. Mama yake hakuulizwa. Jioni wazee hurudi makwao wakitangaza kwamba amani imepatikana. Amani ya nani? Msichana yule atakutana na mwanamume yule kisimani kesho asubuhi.

Twasema bila kupepesa macho: huo si upatanisho. Ni mnada. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 haikutungwa ili ipimwe kwa mbuzi. Mpatanishi yeyote wa kujitolea, awe mzee wa kanisa, shehe, mama wa kikundi au mwanaharakati, anayekubali kuketi katika kikao cha namna hiyo, amejitia katika kundi la wakosaji. Kazi yake siku hiyo ni moja tu: kumshika mtoto mkono, kumpeleka hospitali na polisi, na kusimama naye mpaka kesi iishe. Hapo kujitolea ni kujitolea kwelikweli, kwa kuwa atachukiwa na wazee wenzake.

Kanuni hiyohiyo inahusu damu iliyomwagwa na dola. Upatanishi hufaa kati ya watu wanaoweza kutazamana macho kwa macho. Mama aliyempoteza mwanawe kwa risasi katika maandamano ya Juni 2024, ataketishwaje meza moja na aliyefyatua risasi ilhali hata jina la huyo aliyefyatua hajaambiwa? Mtu hapatanishwi na kivuli. Kwanza ukweli utajwe, kisha mahakama ifanye kazi yake, kisha fidia. Na baada ya hayo, mama akitaka, kwa hiari yake na kwa wakati wake, ndipo litajwe neno msamaha. Kuanzia mwisho ni kumdhulumu mara mbili.

Tumeuona mtindo huu wa kuanzia mwisho mara nyingi. Taifa lilipopata uhuru, wananchi waliambiwa wasamehe na kusahau. Waliopokonywa mashamba wakasahauliwa wao. Ghasia za 2007 na 2008 ziliwaua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na mamia ya maelfu wakayakimbia makwao. Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wawili walitia saini mkataba wa kugawana madaraka, na bunduki zikanyamaza. Twashukuru kwa hilo. Lakini aliyechomewa nyumba Burnt Forest hakupata mkataba na aliyemchomea. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais mwezi Mei 2013, nayo ikaachwa ikusanye vumbi mwaka baada ya mwaka. Tarehe 9 Machi 2018 mikono ikashikwa tena kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Wakubwa walipatana, wapiganapo tembo nyasi huumia, na kumbe wapatanapo pia nyasi hazipewi mvua.

KWA WENZETU WENYE DHARAU, NA KWA KANISA

Wako wenzetu katika harakati wanaosema kwamba upatanishi ni kazi ya vikongwe, na kwamba mwanamageuzi wa kweli hupatikana barabarani akiwa na bango. Twawauliza: mnaposhuka kutoka barabarani, mnarudi wapi? Mnarudi katika mitaa ambayo wapangaji na wenye nyumba hawasemezani, vijana wa upande huu hawavuki upande ule, na mgombea yeyote mwenye mfuko wa noti anaweza kuzinunua chuki hizo kwa bei ya chupa moja. Mwaka 1992 zilinunuliwa. Mwaka 1997 zilinunuliwa kule Likoni. Mwaka 2007 zilinunuliwa kwa jumla. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nchi hii imejenga kuta nyingi kwa mifupa ya maskini. Bango na kikao cha upatanishi ni mikono miwili ya mwili mmoja.

Kwa Kanisa twasema kwa heshima na kwa upendo. Injili humwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane na ndugu yake. Haimwagizi apokee kwanza bahasha. Mwezi Februari 2008 viongozi wa NCCK walikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa hiyo sauti yao ikakosa nguvu saa ilipohitajika. Maungamo hayo yalikuwa ya kijasiri. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango ambao Rais aliutoa kwa parokia moja. Huo nao ulikuwa ujasiri. Maana mkono mtupu haulambwi, lakini mkono uliojazwa na mwanasiasa hauwezi kushika mizani.

Na hapa ndipo tunapowaonya wanaotaka kuileta fedha katika upatanishi. Pale kamati ya amani inapoanza kuitisha posho ya kikao, ugomvi unaoisha haraka huwa hasara na ugomvi usioisha huwa mtaji. Pale chifu anapoteua wapatanishi kwa kufuata orodha ya chama, mlalamikaji hujua hukumu kabla ya kuketi. Nauli ilipwe, chai inywewe, karatasi inunuliwe. Zaidi ya hapo, kazi hii ni sadaka.

MASHARTI YETU

Basi twaomba kila parokia, kila jumuiya ndogo ndogo, kila kikundi cha akina mama na kila tawi la harakati lichague watu sita wasiozidi wanane, nusu wanawake, vijana wakiwamo, wa kukaa kati ya majirani. Nasi twawawekea masharti haya.

Kwanza, asichaguliwe mwenye cheo katika chama chochote cha siasa, wala anayekitafuta.

Pili, kikao kisianze mpaka aliyeumizwa akubali kwa hiari yake, baada ya kuelezwa kwamba anaweza kukataa na kwenda mahakamani, na kwamba hatalaumiwa kwa kukataa.

Tatu, aliyeumizwa aseme kwanza, naye asikilizwe mpaka mwisho. Mkosaji akiri kabla ya kuombewa msamaha. Pasipo kukiri hakuna cha kupatanisha.

Nne, makubaliano yaandikwe kwa lugha ambayo wote wawili waielewa, yataje nini kitalipwa, lini, na nani atafuatilia. Kisha wapatanishi warudi kukagua baada ya mwezi na baada ya miezi sita.

Tano, unajisi, ubakaji, mauaji na ukatili wa nyumbani unaohatarisha maisha visiletwe kikaoni. Njia yake ni hospitali, polisi na korti, na wapatanishi wasindikize.

Sita, asiwepo wa kulipwa na asiwepo wa kulipisha.

Ndugu wasomaji, haya si mengi. Wanawake wa Wajir walifanya makubwa zaidi wakiwa na machache zaidi. Wengine huhesabu miaka mitano mpaka uchaguzi ujao ili wajue watanunua vijana wangapi. Sisi tuihesabu ili tujue tumeziba nyufa ngapi. Jumapili hii, ibada itakapokwisha, msiondoke. Ketini, chagueni watu sita, na muwape daftari.